Uzi: Usimwachie mzoa taka achague kipi kibaki kwenye kache

KirumbaKodi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Uzi ni mrefu, naomba mvumilie. Tatizo la kumwachia mzoa taka (garbage collector, sehemu ya Java inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena) aamue kipi kibaki kwenye kache (hifadhi ya karibu ya majibu yanayoulizwa sana) nimelikuta kwenye mifumo mingi inayoandikwa huku kanda ya ziwa, na linaziumiza sana seva ndogo tunazomudu kukodi.

Natunza mfumo wa wanunuzi wa dagaa na sangara. Uliandikwa kwa Java na timu iliyokuwepo kabla yangu. Mzigo ukishuka Mwaloni Kirumba, au ukija kutoka visiwani Ukerewe, unaingizwa humo: mwalo (ufuko wa kushushia samaki) uliotoka, uzito, bei, picha ya risiti. Wateja wanaulizia bei kwa simu. Anayeijua kazi ya dagaa anajua kwamba biashara inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale ambapo hakuna mbalamwezi. Kwa hiyo seva hupata siku za utulivu, kisha giza likirudi, maombi yanafurika alfajiri moja.

Na giza liliporudi, mfumo ulikwama. Haukuanguka, ulikwama. Logi safi, hakuna OutOfMemoryError (kosa la kuishiwa kumbukumbu) hata moja, ila CPU imejaa, hifadhidata imezidiwa, na mchuuzi amesimama juani anasubiri bei ambayo jirani yake ameiulizia muda huohuo.

Kache yote ilikuwa imejengwa juu ya SoftReference.

Kwa asiyezifahamu: tangu Java 1.2 ya mwaka 1998 kuna kifurushi cha java.lang.ref chenye marejeleo ya aina kadhaa. Rejeleo la kawaida ni imara. Kitu kikishikwa nalo, mzoa taka hakigusi. Rejeleo dhaifu, WeakReference, halimzuii. Akikuta kitu kimeshikwa nalo peke yake, anakizoa. SoftReference ni rejeleo laini, liko katikati. Kitu kinaachwa mpaka kumbukumbu ibane, na ahadi iliyoandikwa ni moja tu: vyote vilivyoshikwa kwa ulaini vitaachiwa kabla programu haijatupiwa OutOfMemoryError.

Ukisoma hapo unaona kache imejileta yenyewe. Weka kila kitu, kumbukumbu ikibana vitaondoka. Shida iko kwenye swali la nani anaamua kipi kiondoke, na kwa kuangalia nini.

HotSpot, ambayo ndiyo mashine ya Java wengi wetu tunayoitumia, inaamua hivi: kila MB moja ya hipu (heap, eneo la kumbukumbu ambamo Java huweka vitu vyake) iliyo wazi inakipa kitu sekunde moja ya kuishi tangu kilipoguswa mara ya mwisho. Swichi inaitwa -XX:SoftRefLRUPolicyMSPerMB na thamani yake ya msingi ni 1000. Pigeni hesabu. Hipu ikiwa na MB 1,200 wazi, kitu kinakaa dakika 20 bila kuguswa. Zikibaki MB 60, kinakaa dakika moja.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye mwezi wa dagaa. Siku za mbalamwezi hipu iko wazi na mzoa taka anapita kwa nadra, kwa hiyo ripoti iliyofunguliwa mara moja na mhasibu inakaa raha mustarehe. Giza linarudi, maombi yanapanda, nafasi iliyo wazi inashuka, na muda wa kuishi unafupishwa kwa vitu vyote kwa pamoja. Bei ya mwalo inayoulizwa kila baada ya dakika mbili inaondolewa sawa na ripoti ambayo hakuna atakayeifungua tena. Ombi linalofuata linaenda kwenye hifadhidata na kuzalisha vitu vipya, vitu vipya vinabana hipu, hipu ikibana muda unafupishwa zaidi. Kache inakufa saa ileile inayohitajika kuliko saa zote.

Na kanuni hiyo haiulizi kitu kina ukubwa gani wala kukitengeneza upya kunagharimu nini. Picha ya risiti yenye mamia ya KB na wastani wa bei wenye baiti chache ni mamoja kwake. Hata haina namna ya kujua. Kazi ya mzoa taka ni kujua nani bado anafikiwa. Thamani ya kitu kwa mfanyabiashara wa Kirumba haimo ndani ya hipu.

Msimamo wangu ni kwamba kache iwe na kikomo cha baiti kilichowekwa na aliyeuandika mfumo, na yeye ndiye aseme kipi kitoke kwanza. Karibuni tujadiliane.

---

BuzurugaJava

Mkuu KirumbaKodi, nimekuelewa ila kuna upande umeuruka. Maelezo rasmi ya Java yenyewe yanasema matumizi makubwa ya SoftReference ni kache zinazojali kumbukumbu. Watu waliofuata maelezo hayo hawakukosea kusoma. Pili, faida yake ni kwamba sihitaji kukisia. Nikiandika kikomo cha vitu 500, kwenye seva ya GB 2 kinaweza kuwa kikubwa na kwenye ya GB 16 ni kidogo mno. Kikomo nitakijuaje?

---

KirumbaKodi

Ndugu yangu, swali lako ndilo lenyewe, ngoja nilijibu kwa kirefu.

Kwanza usihesabu vitu, pima uzito. Nahodha anayepakia dagaa kutoka kisiwani haridhiki kujua magunia ni mangapi, kwa sababu gunia lililolowa na gunia kavu hayauzamishi mtumbwi sawasawa. Kwenye Java tofauti hiyo ni kubwa kuliko macho yanavyoona. Chukua namba ya simu yenye herufi 10 kwenye mashine ya biti 64 yenye hipu ya kawaida isiyofika GB 32. Kitu cha String chenyewe ni baiti 24. Safu ya baiti iliyo ndani yake ina kichwa cha baiti 16, ongeza herufi 10, inazungushwa mpaka 32. Jumla 56, kwa herufi 10. Ukiiweka kwenye HashMap unaongeza baiti 32 za nodi, na Long ya kuambatana nayo ni 24. Ndiyo maana mtu anasema data yangu ni MB 50 tu, halafu hipu ya MB 400 inajaa.

Ninachofanya ni kuhifadhi jibu likiwa limeshafungashwa kama safu moja ya baiti, tayari kutumwa kwa mteja. Uzito unajulikana bila kukisia, ni urefu wa safu na kichwa chake. Mzoa taka naye anafuata kitu kimoja badala ya mtandao wa vitu arobaini vinavyoshikana. Gharama yake ni kwamba ukitaka kusoma sehemu ya ndani ya jibu, lazima ulifungue upya. Kwa bei za mwalo hiyo si shida.

Maktaba ninayoitumia ni Caffeine. Unaipa maximumWeight na njia ya kupima. Ila angalieni: uzito unapimwa kitu kinapoingia au kinapobadilishwa, basi. Ukiweka orodha kisha ukaendelea kuiongezea vitu ukiwa nje, kache haitajua kwamba imenenepa. Weka vitu visivyobadilika.

Uchaguzi wa kuondoa nao ni bora. Caffeine inatumia W-TinyLFU. Inatunza makadirio ya mara ngapi kila ufunguo (jina ambalo kitu huitiwa kwenye kache) umeulizwa, na makadirio hayo hupunguzwa nusu kila baada ya kipindi ili umaarufu wa zamani usiwe ngao ya milele. Kwetu inafaa mno, kwa sababu mwalo uliokuwa na dagaa wengi giza lililopita huenda giza hili ukawa kimya. Na mhasibu akifungua ripoti za mwaka mzima mfululizo, zile ripoti hazifukuzi bei, maana kila moja imeulizwa mara moja tu. Kanuni ya LRU tupu (toa kwanza kilichoguswa zamani zaidi) ingezifukuza bei zote.

Kikomo chenyewe: usikitoe kichwani, kitoe kwenye hipu. Java isipoambiwa kitu huchukua robo ya RAM kuwa hipu ya juu kabisa, kwa hiyo seva ya GB 2 inakupa kama MB 512. Mfumo unapoanza, soma Runtime.maxMemory() na uipe kache sehemu yake. Mimi naanzia kwenye robo, kisha napima. Ukihamia seva ya GB 16, kikomo kinakua chenyewe bila kugusa msimbo. Kisio lako la 500 halipo tena.

Na unapopima, usiamini freeMemory() unayoisoma wakati wowote tu. Namba ile imechanganya vitu hai na taka ambazo bado hazijazolewa, hivyo hipu inaweza kuonekana imejaa kumbe nusu yake ni uchafu. Kinachosema kweli ni kiasi kinachobaki baada ya mzoa taka kupita. Java 5 ilituletea MemoryPoolMXBean yenye setCollectionUsageThreshold kwa kazi hiyohiyo. Unajulishwa kama kizazi kikongwe (sehemu ya hipu yenye vitu vilivyoishi muda mrefu) kimevuka mpaka hata baada ya kuzolewa. Hapo punguza kikomo cha kache kidogo kidogo, kwa sehemu ya kumi mpaka kitulie. Usiifute yote. Ukiifuta yote umerudi kulekule kwa SoftReference, tofauti ni kwamba umeandika msimbo mwingi zaidi.

---

MamaSeva

Naunga mkono, na naongeza jambo ambalo waandishi wa programu hulisahau kwa sababu wanaishi ndani ya hipu. Mimi kazi yangu ni seva.

Mfumo wa uendeshaji haujui rejeleo laini ni kitu gani. Mchakato wa Java una hipu, lakini pia una maelezo ya madarasa, rundo (stack) za thredi ambazo kwa kawaida kwenye Linux ya biti 64 kila moja hutengewa hadi MB 1, na bafa (nafasi za muda za kupitishia data) zilizo nje ya hipu. Mkiweka hipu ya MB 1,400 ndani ya kontena (kisanduku cha kuendeshea programu chenye kikomo chake cha kumbukumbu) ya MB 1,500, kikomo cha kontena kinavukwa kabla hipu haijajaa. Kernel (kiini cha Linux) inaua mchakato kwa ishara namba 9, mnakuta kontena imetoka na namba 137, yaani 128 jumlisha 9. Wakati huo kulikuwa na MB mia kadhaa za vitu laini ambavyo vingeweza kuachiwa, na hakuna aliyeviachia, kwa kuwa Java iliona hipu yake bado ina nafasi. Ahadi ya kuachia kabla ya OutOfMemoryError haikuvunjwa. Haikufikiwa tu.

Halafu hizo picha za risiti, kwa nini ziko kwenye hipu? Ziacheni kwenye diski. Linux inatumia RAM iliyobaki bure kutunza kurasa za mafaili yaliyosomwa karibuni, na RAM ikihitajika inaziachia. Hiyo ndiyo kache inayojali kumbukumbu ya mashine nzima, imeshaandikwa, na mzoa taka wa Java haigusi. Ila mkijaza RAM yote kwa hipu mnainyima nafasi.

---

KirumbaKodi

Dada MamaSeva, wabeja sana. Picha nilizihamishia kwenye diski kabla sijagusa kitu kingine, na nafuu ilionekana hapohapo.

---

Nyegezi_Android

Upande wa simu na sisi tuna la kusema, maana mchuuzi wa mwaloni hatumii kompyuta.

Android ilishatuonya zamani. Tangu Android 2.3 mzoa taka wake akawa mkali kwa marejeleo laini na dhaifu kiasi kwamba kache ya namna hiyo haishiki kitu. Badala yake ikaja LruCache kuanzia API 12 (yaani Android 3.1). Unaandika sizeOf yako ukirudisha ukubwa wa kitu, na mfano uliozoeleka kwenye mafunzo yao ni kuipa kache moja ya nane ya kumbukumbu ya programu.

Uzito nao ni balaa ukisahau. Picha ya kamera ya pikseli 4000 kwa 3000 kwenye diski inaweza kuwa MB chache, lakini ikifunguliwa kuonyeshwa, kila pikseli inakula baiti 4. Hiyo ni baiti 48,000,000 kwa picha moja ya risiti. Ipunguze wakati wa kuifungua, usiipunguze baadaye.

Na kuanzia Android 8.0 pikseli za bitmap zimehamia nje ya hipu ya Java. Kitu kinachoonekana na mzoa taka ni kidogo, mzigo halisi uko pembeni. Ukimtegemea yeye ahisi ubanaji, anaangalia sehemu isiyo na mzigo. Sikiliza onTrimMemory, na programu ikienda nyuma punguza kache mwenyewe. Ukikaa na mzigo mkubwa ukiwa nyuma, simu ya RAM ndogo itaiua programu yako mapema, na mteja akirudi anaanza upya na bando lake.

---

Igoma_Py

Wakuu sisi wa Python na Go mmetuacha. Python haina SoftReference. Naona watu wanatumia weakref (rejeleo dhaifu la Python) kama kache.

---

KirumbaKodi

Mkuu, kwenye Python weakref kama kache ni dhaifu kuliko hata ya Java. CPython inahesabu marejeleo, kwa hiyo rejeleo imara la mwisho likiondoka kitu kinakufa papo hapo, hata kama RAM yote iko wazi. Pia str, int na tuple huwezi kabisa kuzishika kwa weakref. Watu wengi hukimbilia functools.lru_cache, nayo ni nzuri, ila maxsize yake, ambayo kwa kawaida ni 128, inahesabu vitu na si baiti. Na ukiibandika juu ya metodi ya darasa, inamshika self kwa rejeleo imara, hivyo kitu kizima hakizoleki mpaka kitolewe kwenye kache. Kwa majibu makubwa andika darasa dogo lako lenye OrderedDict na jumla ya baiti. Si kazi kubwa.

Go nayo haina laini. Go 1.19 ya mwaka 2022 ilileta GOMEMLIMIT, mpangilio wa kikomo cha kumbukumbu, na wengi wanadhani hiyo inapunguza kache. Haipunguzi. Inamfanya mzoa taka apite mara nyingi zaidi unapokaribia kikomo, lakini vilivyoshikwa na map yako ni hai, hawezi kuvigusa. Ukijaza kache mpaka hapo atazunguka akila CPU, na wenyewe wakamwekea breki ya karibu nusu ya CPU ili programu isisimame kabisa. Nayo sync.Pool ni ya kutumia tena bafa. Vilivyomo huondoka mzoa taka akipita mara mbili. Usiweke humo kitu unachotaka kukikuta kesho.

---

BuzurugaJava

Nimeanza kushawishika. Basi WeakReference ina kazi gani? Nimeona WeakHashMap kwenye msimbo mwingi imepewa jina la kache.

---

MamaSeva

Naomba nilijibu hili, limewahi kunikesha kazini.

WeakReference inafaa pale kitu kinaposhikwa imara na mtu mwingine, na wewe unataka kukipata bila kumrefushia maisha. Mfano, rekodi ya mwalo mmoja imo kwenye maombi mia yanayoendelea. Ukiwa na jedwali la thamani dhaifu, yote mia yanashika nakala moja, na yakiisha nakala inaondoka. Hiyo ni kugawana. Kutunza kwa ajili ya baadaye ni kazi nyingine.

WeakHashMap ina mtego. Ufunguo ni dhaifu lakini thamani imeshikwa imara na jedwali. Thamani ikiwa na kiungo chochote kinachorudi kwa ufunguo, hata cha kuzunguka, ufunguo unafikiwa daima na hautazolewa kamwe. Mnapata mvujo wa kumbukumbu huku jina la darasa likiwaambia mko salama. Suluhisho lake linajulikana tangu Barry Hayes alipoeleza ephemeroni mwaka 1997: mzoa taka aifuate thamani pale tu ambapo ufunguo umefikiwa kwa njia nyingine. WeakMap ya JavaScript inafanya kazi hivyo, na .NET ina ConditionalWeakTable. Java mpaka leo haina ya kwake kwenye maktaba ya msingi.

---

Igoma_Py

Mkuu KirumbaKodi, ulisema thamani ya kitu haimo ndani ya hipu. Hakuna waliojaribu kumfundisha mzoa taka hiyo thamani?

---

KirumbaKodi

Wapo. Mwaka 2016 Diogenes Nunez, Samuel Guyer na Emery Berger walichapisha utafiti wa mzoa taka anayepokea vipaumbele. Programu inasema kipi kina umuhimu gani na nafasi iwe kiasi gani, naye anapima vitu akiwa anapita na kutoa vya chini mpaka vitoshe. Naipenda kwa sababu inagawa kazi vizuri, uzito anaujua yeye na umuhimu unaujua wewe. Haijaingia kwenye Java tunayopakua, basi tunapima wenyewe.

Kuhusu gharama ya kutengeneza upya kuna GreedyDual-Size ya Pei Cao na Sandy Irani, 1997, iliyotungwa kwa ajili ya kache za wavuti. Alama ya kitu ni gharama ya kukipata ikigawanywa kwa ukubwa wake, pamoja na kiwango kinachopanda kadiri vitu vinavyotolewa, ili vya zamani visivyoguswa vizeeke. Wastani wa bei wa mwezi kwa miyalo yote ni swali zito kwa hifadhidata na jibu lake ni baiti chache. Huo ulinde kwa nguvu zote. Mimi nimeupa kache yake ndogo ya pembeni, haushindani na kitu chochote.

Na kitu kikikosekana, aende mmoja tu kukitafuta. Alfajiri watu hamsini wanaulizia bei moja. Bila ulinzi unapeleka maswali hamsini yanayofanana kwenye hifadhidata. Caffeine inafanya hivyo yenyewe ukitumia get yenye njia ya kupakia: wa kwanza anapakia, wengine wa ufunguo huohuo wanamsubiri.

---

BuzurugaJava

Sawa mkuu. Nina mfumo wa mteja Ilemela wenye SoftReference kila kona. Nisiubomoe wote kesho. Naanzia wapi?

---

KirumbaKodi

Anza kwa kuangalia. Endesha jcmd (zana ya amri inayokuja na Java) yenye GC.class_histogram juu ya mchakato. Utaona kila darasa, idadi na baiti. Tazama SoftReference ziko ngapi, na byte[] zinakula kiasi gani. Usiiendeshe saa za mauzo, maana kwa kawaida inalazimisha uzoaji kamili ili ihesabu vitu hai pekee, na mfumo utasimama.

Pili, washa logi ya mzoa taka kwa -Xlog:gc*, uiache ipite siku za utulivu na za pilika. Tafuta kiasi kinachobaki baada ya kila uzoaji mkubwa. Hicho ndicho kitakachokuambia kikomo chako.

Tatu, badilisha kache moja, ile yenye baiti nyingi, iwe na maximumWeight na recordStats. Nyingine ziache kwanza. Kama mteja hakubali mabadiliko ya msimbo sasa hivi, shusha SoftRefLRUPolicyMSPerMB iwe ndogo ili taka zisijilimbikize wakati wa utulivu; inapunguza ukali wa mshtuko, haiponyi.

Ukipata hiyo histogramu iweke hapa, ficha majina ya madarasa ya mteja. MamaSeva na mimi tutaipitia.

---

BuzurugaJava

Nitaiendesha usiku wakishafunga hesabu. Naileta.